Utangulizi: Molekuli Ndogo Zinazong'aa

Kila siku ya kazi, katika maabara za hospitali na vituo vya afya kuanzia Kisumu mjini hadi Ahero, Bondo na Homa Bay, tone la damu hupakwa kwenye kioo, huachwa likauke, kisha hutiwa rangi ya Giemsa. Anayechungulia hadubini huona seli nyekundu za damu zimekuwa za waridi, na ndani ya baadhi yake pete ndogo ya buluu yenye nukta ya zambarau. Hicho ndicho kimelea cha malaria. Waridi ile inatokana na eosini, na eosini ni floresini iliyoongezewa atomu nne za bromini. Floresini yenyewe ilitengenezwa mara ya kwanza na mwanakemia Mjerumani, Adolf von Baeyer, mwaka 1871. Vijana wengi wamefundishwa kusoma slaidi hizo kando ya Ziwa Victoria. Sidhani wengi wameambiwa kwamba waridi ile ina ukoo, na kwamba ipo fani nzima ya kuuongezea ukoo huo watoto wapya.

Ukoo wenyewe umeenea kuliko unavyodhaniwa. Katika kliniki ya macho, daktari hugusisha karatasi yenye floresini kwenye jicho la mgonjwa, na chini ya taa ya buluu mkwaruzo wa konea hung'aa kijani. Merkurokromu, dawa nyekundu ya vidonda ambayo wazee wetu wanaikumbuka, ni floresini yenye atomu mbili za bromini na moja ya zebaki. Watafiti wa malaria hadi leo huitumia kupaka utumbo wa mbu ili waweze kuhesabu vifuko ambamo vimelea hukomaa. Na mwaka 2020, sampuli za COVID-19 zilipopelekwa kupimwa katika kituo cha KEMRI pale Kisian, zilipimwa kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA ambayo rangi yake iliyozoeleka zaidi duniani huitwa FAM. FAM ni floresini yenye kundi moja la ziada la asidi, ambalo hutumika kuifunga kwenye kipande cha DNA.

Kwa hiyo simkaribishi msomaji kwenye jambo geni. Namkaribisha kwenye upande wa pili wa jambo alilolizoea: upande wa anayeitengeneza rangi. Fani hii huchukua molekuli ndogo, zenye makumi machache tu ya atomu, na kuzibuni upya ili zing'ae mahali maalumu ndani ya kiumbe hai, kwa sababu maalumu, bila kukidhuru. Ni kemia ya kaboni, lakini maswali yake yanatoka kwa wanabiolojia na madaktari. Hoja yangu katika kurasa hizi ni moja: anayebuni rangi ndiye anayeamua kitakachoonekana, na ukanda wa ziwa hili una maswali ambayo hakuna aliyeyabunia rangi ifaayo.

Tuanze na mwanga. Molekuli ya floresini ikimeza fotoni ya buluu, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 490 hivi, elektroni yake moja hupanda ngazi ya nishati. Haikai huko. Baada ya nanosekunde nne hivi hushuka tena, na katika kushuka molekuli hutoa fotoni nyingine, ya kijani, ya nanometa 515 hivi. Sehemu ndogo ya nishati imepotea njiani kama joto, ndiyo maana mwanga unaotoka una wimbi refu kuliko ulioingia. Jambo hili lilielezwa na George Gabriel Stokes mwaka 1852, naye ndiye aliyelipa jina la floresensi. Faida yake kwa hadubini ni kubwa mno. Kwa kuwa mwanga unaoingia na unaotoka hauna rangi moja, kichujio cha kioo kinaweza kuuzuia wa kwanza na kuupitisha wa pili. Vyote visivyo na rangi yetu hubaki gizani.

Nguvu ya giza hilo anaijua kila aliyesimama ufukweni Dunga usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa omena wakiwa kazini. Huoni mtumbwi, wala nyavu, wala watu. Unaona taa, na kwa taa hiyo unajua mtumbwi uko wapi, unaelekea wapi, na kama umeusogelea mwingine. Mchana, kwenye umbali uleule, mtumbwi huohuo ungekupotea ndani ya mmeto wa maji. Hadubini ya kawaida hutazama seli mchana. Hadubini ya floresensi huitazama usiku.

Ubora wa taa hizi hupimwa kwa mambo mawili: molekuli inameza mwanga kwa pupa kiasi gani, na katika fotoni 100 ilizomeza, ngapi inazirudisha kama mwanga. Floresini katika maji yenye alkali kidogo hurudisha zaidi ya 90. Ni kiwango cha ajabu. Lakini ina kasoro zake: ikipigwa mwanga mkali hupauka haraka, na katika mazingira yenye asidi mng'ao wake hufifia. Historia ya fani hii, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya watu kukataa kuzivumilia kasoro hizo.

Na historia yenyewe imeshikana na malaria tangu mwanzo. Mwaka 1845 John Herschel alieleza mng'ao wa buluu aliouona juu ya maji yaliyoyeyushiwa kwinini, dawa ileile ya homa. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alijaribu kutengeneza kwinini kwa mikono yake, kwa maana dawa hiyo ilitoka kwenye gome la mti wa mbali na mahitaji yalikuwa makubwa. Hakuipata. Alipata rangi ya zambarau, na kutokana nayo kikaanza kiwanda cha rangi za kemikali. Mwaka 1891 Paul Ehrlich, aliyekuwa ameona kwamba rangi ya methilini buluu huvishika vimelea vya malaria na kuviacha vitu vingine, aliwaza kwamba kinachochagua kimelea kinaweza pia kukiua; yeye na Paul Guttmann wakawapa wagonjwa wawili wa malaria rangi hiyo kama dawa, nao wakapata nafuu. Rangi na dawa zilitoka katika chupa moja. Mwanafunzi wa Kisumu anayeingia katika fani hii anaingia nyumbani, na ningependa alijue hilo kabla hajajifunza jambo lingine lolote.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, yaani kubadilisha atomu.

Kiini cha floresini ni pete tatu zilizoungana kwa ubapa, huku oksijeni ikiwa katikati ya daraja lao. Kiini hicho huitwa zanthini. Kwenye ncha mbili za pete hizo kuna oksijeni nyingine mbili. Ondoa hizo mbili za ncha, weka nitrojeni mahali pake, nawe umepata rodamini, inayong'aa mara nyingi kuanzia rangi ya chungwa hadi nyekundu na kustahimili mwanga vizuri zaidi. Weka bromini nne kwenye pete, nawe una eosini: mng'ao unapungua sana, kwa sababu atomu nzito huisukuma elektroni kwenye hali nyingine ya nishati ambako hukwama, lakini rangi inayoonekana kwa macho ni ya kupendeza na hushika protini vizuri. Weka florini mbili badala ya bromini nne, nawe umepata rangi iliyochapishwa mwaka 1997 ambayo bado hung'aa katika asidi inayoizima floresini. Badiliko la atomu mbili tu limeihamisha rangi kutoka mazingira mamoja ya seli hadi mengine.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2015. Luke Lavis na wenzake, katika kituo cha utafiti cha Janelia huko Virginia, Marekani, walichukua rodamini ya kawaida ambayo kila nitrojeni yake ya nchani imebeba vikundi viwili vya methili. Ilijulikana kwamba rodamini hiyo ikishameza mwanga wenye nishati, kifungo kati ya nitrojeni na pete hujipinda, na nishati huvujia hapo bila kutoa mwanga. Wao waliyaondoa makundi mawili ya methili na kuweka mahali pake pete ndogo ya pembe nne, yenye kaboni tatu na nitrojeni ileile. Ongezeko lilikuwa kaboni moja tu kila upande. Kujipinda kukazuilika, na rangi iliyokuwa ikirudisha fotoni 41 katika kila 100 ikaanza kurudisha 88. Ukubwa ulikuwa karibu uleule na njia ya kuitumia ileile, ila mng'ao umezidi mara mbili. Kwa zaidi ya miaka 100 rodamini ilikuwa mikononi mwa wanakemia, na badiliko hilo lilikuwa linangoja. Kisha maabara hiyo ikazigawa rangi zake bure kwa watafiti wa nchi nyingi, tendo ambalo kwangu mimi ni sehemu ya sayansi yenyewe.

Miaka miwili kabla ya hapo, kundi la Kai Johnsson huko Lausanne, Uswisi, lilikuwa limeiondoa oksijeni ya katikati ya daraja na kuweka silikoni, elementi iliyomo katika mchanga wa kila ufuko. Mwanga unaomezwa ukahama karibu nanometa 100, hadi kwenye wekundu wa mbali, nanometa 650 hivi. Rangi hiyo ina tabia nyingine ya thamani. Molekuli yake inaweza kujifunga, ikawa haina rangi na ikapenya tando za seli kwa urahisi. Ikishakutana na protini iliyokusudiwa hujifungua na kuwaka. Mtafiti hahitaji kuosha rangi iliyozidi, kwa kuwa iliyozidi haionekani.

Kwa nini nasisitiza wekundu wa mbali? Kwa sababu ya damu. Himoglobini humeza kwa wingi mwanga wa buluu na wa kijani, na ndiyo sababu damu ni nyekundu. Anayetaka kutazama kimelea ndani ya seli nyekundu ya damu kwa mwanga wa buluu anatazama kupitia pazia. Zaidi ya nanometa 600 pazia hilo hufunguka karibu kabisa. Rangi iliyobuniwa kwa ajili ya seli za ubongo wa panya haikumfikiria mtu anayefanya kazi na damu, na huko ndiko kunakoanza wajibu wetu.

Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto wa eneo la ziwa walio chini ya miaka 15, huku wastani wa nchi nzima ukiwa asilimia 6. Vimelea hivyo, *Plasmodium falciparum*, huishi ndani ya nyumba yenye kuta nyingi. Rangi inayotaka kukifikia kimelea lazima ipite utando wa seli nyekundu, kisha utando wa kifuko ambacho kimelea kimejijengea, kisha utando wa kimelea chenyewe. Ikitaka kufika kwenye kifuko chake cha kumeng'enyea himoglobini, kuna utando wa nne, na ndani yake kuna asidi ya pH 5 hivi, ambako floresini huzimika. Zipo protini zinazong'aa zenyewe, kama ile ya kijani iliyotoka kwa kiwavi-bahari na kuwapatia Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Lakini protini hiyo ina uzito mara 80 hivi wa floresini, na ili kimelea kiitengeneze lazima jeni zake zibadilishwe, kazi ya wiki au miezi. Kimelea kilichotoka asubuhi hii katika damu ya mtoto wa Siaya, kwa idhini ya mzazi wake, hakiwezi kungojewa hivyo. Kinahitaji rangi inayoingia yenyewe, leo.

Tayari kuna rangi moja iliyotusaidia vizuri hapa kupima vimelea bila kubadili jeni zao. Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini wala DNA. Kwa hiyo, seli nyeupe zikishaondolewa, DNA yoyote iliyobaki katika kichupa ni ya kimelea. SYBR Green, ya ukoo mwingine uitwao sayanini, huwa karibu giza inapoelea peke yake na huwaka ikikumbatia DNA. Vimelea huwekwa kwenye vishimo vyenye dawa ya viwango tofauti, huachwa wakue kwa saa 72, kisha rangi hutiwa na mng'ao hupimwa. Penye mng'ao mkubwa vimelea viliongezeka. Penye giza dawa ilivishinda. Mwaka 2011 Hosea Akala na wenzake walichapisha kwa mbinu hiyo hali ya usikivu wa vimelea vya magharibi mwa Kenya kwa dawa mbalimbali.

Hata hivyo SYBR Green inajibu swali moja tu: DNA ni kiasi gani? Haisemi kama kimelea kiko hai, kimelala au kimekufa. Swali hilo sasa lina uzito. Nchini Rwanda na kaskazini mwa Uganda vimelea vyenye mabadiliko ya jeni ya kelch13, yanayohusishwa na kuchelewa kuondoka kwa vimelea mgonjwa anapotibiwa kwa dawa za artemisinini, vimethibitishwa. Kimelea kichanga kilicho katika umbo la pete ndicho kinachonusurika na dawa hizo, na kukitofautisha kilicho hai na kilichokufa kwa Giemsa ni kazi ya jicho lililozoea sana, na hata wataalamu wawili wenye macho kama hayo hutofautiana. Watafiti hutumia rangi zinazoingia kwenye mitokondria iliyo hai kama msaada. Bado, kwa maoni yangu, haijabuniwa rangi nyekundu ya mbali, ya bei nafuu, isiyohitaji friji, inayowaka ndani ya pete iliyo hai na kunyamaza ndani ya iliyokufa. Mwanakemia aliye mbali na wagonjwa anaweza asijue kwamba neno "friji" katika sentensi hiyo lina uzito sawa na neno "nyekundu". Aliye hapa anajua.

Nigusie kwa haraka nyanja mbili jirani. Kifua kikuu: auramini hushika ukuta wa nta wa bakteria, nazo hung'aa njano, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za floresensi zenye taa za LED katika vipimo hivyo. Kipimo cha GeneXpert, kinachotumika sana nchini, kilipoanza kilitumia vipande vitano vya DNA, kila kimoja na rangi yake, kusoma herufi 81 za jeni ya bakteria ili kujua kama dawa ya rifampisini itafanya kazi. Na ziwa lenyewe: mwani na bakteria za kijani-buluu zinazoigeuza Ghuba ya Winam kuwa kijani zina klorofili, inayong'aa nyekundu kwa asili yake. Watafiti wa maji hupima mng'ao huo ili kujua wingi wa mwani. Anayetaka kuweka rangi yake katika sampuli ya maji ya Winam sharti aikwepe rangi ya ziwa kwanza.

Kuhusu kazi ya mezani, nitasema jambo moja ambalo vitabu hulipitia mbio. Kutengeneza rangi ni rahisi kuliko kuitakasa. FAM, kwa mfano, inapotengenezwa kwa njia ya kawaida hutoka katika maumbo mawili, kundi la asidi likiwa mahali pa tano au pa sita pa pete. Uzito ni uleule, rangi ni ileile kwa macho, lakini tabia zinatofautiana, na kuzitenganisha kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko mmenyuko wenyewe. Mwanafunzi hukaa mbele ya safu ya silika akitazama mikanda ya chungwa ikishuka polepole, akikusanya tone kwa tone, akipima kila kichupa kwenye kibati chembamba chini ya taa. Asione kazi hiyo ni ya kibarua. Uchafu wa asilimia moja unaong'aa mara kumi ya rangi iliyokusudiwa utamdanganya mwanabiolojia, naye ataandika kuhusu kimelea jambo ambalo kimelea hakijafanya. Rangi isiyo safi ni ushahidi wa uongo, na anayeitoa anawajibika.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha. Panahitajika kabati la kuvuta moshi linalofanya kazi kweli, kikorogeo cha sumaku chenye joto, silika, viyeyusho safi na taa ya buluu. Mashine ya kupima uzito wa molekuli na ile ya sumaku ya kusoma mpangilio wa atomu ni ghali, na hazina lazima ya kuwa chini ya paa moja nawe. Miligramu chache hutumwa kwa urahisi kwenye chuo kilicho nazo. Kwa hadubini za hali ya juu, Africa Microscopy Initiative katika Chuo Kikuu cha Cape Town imewafungulia mlango watafiti wa bara zima. Kinachohitaji kuwa hapa ni mtu anayejua swali: aliyeketi na wataalamu wa maabara wa Kisian au Kombewa, akaona sampuli ikiharibika njiani, akaona umeme ukikatika katikati ya saa 72, kisha akarudi kwenye karatasi yake ya michoro ya pete na kujiuliza ni atomu gani ya kubadilisha.

Kazi ya kwanza katika kitabu hiki ni ile ya Baeyer. Ifanyeni maabarani, mbele ya mwalimu, mkiwa na miwani ya kinga na glavu. Chukueni sehemu mbili za molekuli za resosinoli kwa moja ya anhidridi ya ftaliki, ongezeni kloridi kidogo ya zinki, pasheni joto hadi nyuzi 180 hivi. Maji hutoka kama mvuke, na mchanganyiko hugeuka kuwa kitu kizito cha wekundu uliokolea. Kikipoa, chukueni punje moja tu, iyeyusheni katika maji yenye magadi, kisha zidisheni maji tena na tena hadi jicho lisione rangi yoyote mchana. Iwekeni chupa hiyo kwenye mwanga wa buluu, mtaona kijani kimebaki. Tieni siki tone kwa tone hadi kijani kizimike, kisha rudisheni magadi hadi kiwake, na andikeni pH ya kila hatua. Kuna mahali, karibu na pH 6.4, ambapo nusu ya molekuli zimepoteza protoni na nusu bado. Sura ya Kwanza inaanzia kwenye namba hiyo, na kwenye atomu mbili za florini zinazoishusha hadi 4.8.